Kutazama maji pale Rusumo

Kuna safari tunaipanga, watu saba wa Bukoba na Muleba tuliokutanishwa na vitabu. Mmoja anataka msitu wa mvua, mwingine anataka maporomoko ya maji, na wote, si unajua tena, tunataka mahali pazuri pa kupigia picha. Kazi ya kupanga njia nimepewa mimi, eti mwandishi wa habari amezoea barabara. Basi nimekaa na ramani, na kila ninapopeleka kidole narudi kwenye mto uleule: Kagera.

Msitu tunao. Minziro, wilayani Missenyi, umekaa mpakani na Uganda kwenye tambarare inayofurika maji, na miti na ndege wake wengi ni ndugu wa wale wa misitu ya Kongo. Maporomoko nayo tunayo, ila yako upande mwingine kabisa wa mkoa: Rusumo, wilayani Ngara, ambako Kagera inadondoka kama mita 15 kati ya Tanzania na Rwanda. Si marefu. Aliyezoea maporomoko ya kwenye kalenda atauliza, "Ndiyo haya tu?" Na mahali pa kuyatazamia ni darajani.

Hapo darajani ndipo mpango wangu ulipokwama, maana pametazamiwa mengi.

Mei 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka Kagera pale Rusumo na msafara wake, akaingia Rwanda hadi kwa mwami Kigeli Rwabugiri. Vitabu vya kwao vinamwita mvumbuzi. Sisi tunamjua kwa jingine: ndiye aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905. Mwaka 1898 alifika Richard Kandt, akisaka chanzo cha Nile. Juu kidogo ya maporomoko, Ruvubu inakutana na Nyabarongo, naye alilazimika kuamua aufuate mto upi. Akaufuata Nyabarongo. Hao walitazama maji na kuuliza yanatoka wapi.

Miaka 100 baada ya von Götzen, watu walisimama hapohapo kutazama maji yamebeba nini.

Daraja la wakati huo lilikuwa la mwaka 1972, jembamba. Kuanzia Aprili 28, 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka kuja Ngara, na Benaco ikageuka mji wa maturubai. Juu ya daraja walipita waliokimbia, wakiwemo waliokuwa wameua. Chini ya daraja walipita waliouawa. Waandishi wa habari walisimama pale na saa mkononi, wakahesabu miili iliyokuwa ikiporomoka na maji, wakatuma hesabu hiyo kwenye magazeti ya dunia. Nimeisoma kazi yao mara nyingi na sijui ningeweza kuifanya. Lakini bila hesabu ile, wakubwa wa dunia wangesema hawakuwa na habari. Habari walikuwa nayo.

Desemba 1996 serikali yetu iliwarudisha wakimbizi kwao, mamia ya maelfu, kwa daraja lilelile. Sura hiyo nayo huwa hatupendi kuisimulia.

Mto haukuishia Rusumo. Unapanda kaskazini kupitia mabwawa ya mpakani, unakata mashariki hadi Kyaka (ambako daraja jingine lilivunjwa Novemba 1978, Amin alipodai kwamba mpaka wake ni mto), unapita karibu na Minziro, kisha unaingia ziwani upande wa Uganda. Kule Kasensero wavuvi waliiopoa miili na kuizika. Leo kuna makaburi ya kumbukumbu. Bibi yangu, mtu wa ufukweni Muleba, hakupika samaki mwaka ule. Si sato, si dagaa. Ndizi na maharage tu, na ukiuliza sababu unaambiwa ule.

Siku hizi Rusumo kuna daraja jipya, pana, lililozinduliwa na Magufuli na Kagame Aprili 6, 2016, siku moja kabla ya Rwanda kuanza wiki ya maombolezo. Malori yanapishana bila wasiwasi. Maporomoko yenyewe yanazalisha umeme, megawati 80, unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Mwenzetu mmoja anasema nisiwaharibie watu likizo kwa habari za vifo. Namwelewa, ila sikubali. Kumsimamisha mtu pale apige picha na ukungu wa maji bila kumwambia kitu, hapana, hiyo ni kumdanganya mgeni.

Kwa hiyo nimependekeza tupande na mto badala ya kushuka nao. Siku ya kwanza Kyaka na Minziro, turudi kulala Bukoba. Kesho yake tutoke alfajiri: Muleba, Biharamulo, Lusahunga, halafu Rusumo. Pale ni mpakani, kwa hiyo tuombe ruhusa kabla ya kutoa simu. Kila mmoja asome kitu kabla ya kupanda gari. Hilo ndilo sharti langu pekee.

Jana dada mmoja wa Muleba ameuliza kama tukipitia Mutukula tunaweza kufika Kasensero na kurudi siku hiyohiyo. Naulizia.