Usiku Tisa wa Durga

Wafanyabiashara wa Kihindi waliishi kisiwani Chole, huko Mafia, makao ya utawala wa Wajerumani hadi yalipohamishiwa Kilindoni mwaka 1913. Gofu la hekalu lao la Kihindu lingalipo huko, kuta zimeshikwa na mizizi ya miti.

Kaskazi ikiaga na masika kukaribia, Machi au Aprili, huingia Chaitra, mwezi wa kuchipua kwa mimea huko India. Hapo Wahindu, kama wale waliosali katika hekalu hilo, humwadhimisha Durga, mungu wa kike, kwa usiku tisa, yaani Navaratri, kila usiku na sura yake. Chungu cha maji huwekwa madhabahuni, majani ya mwembe mdomoni, nazi juu yake. Shayiri hupandwa kando ichipue, na wengi hufunga. Siku ya tisa ni Ram Navami, kuzaliwa kwa Rama.

Huko Bengal sikukuu hii huitwa Basanti Puja. Maharashtra, siku ya kwanza ni mwaka mpya, Gudi Padwa. Kitambaa cha hariri hutundikwa juu ya ufito mrefu. Wagujarati, ambao ndio wengi kati ya Wahindu wa pwani yetu, shangwe yao kubwa ni Navaratri ya pili, Septemba au Oktoba, ngoma ya garba inapochezwa kwa kuzunguka hadi usiku wa manane.