Tiba ya Kazi: Jinsi Ilivyoanza na Jinsi Inavyofundishwa



Katika mkutano mkuu wa mwaka uliopita palikuwa na ombi moja la karo ambalo halikukatiwa shauri. Binti wa mwanachama wetu mmoja wa Ruiru aliomba chama kimsaidie kulipa ada za kusomea tiba ya kazi, ile ambayo hospitalini huitwa okupesheno therapi. Mzee mmoja, ambaye neno lake lina uzito kati yetu, alisimama akauliza: je, fedha ambazo wajane wamezitoa shilingi kwa shilingi zitumike kumfundisha msichana kusuka vikapu na kuchezea udongo? Watu walicheka, na binti mwenyewe, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akainamisha uso. Mwenyekiti aliahirisha jambo hilo. Halmashauri ikaniagiza mimi karani niandike katika taarifa ya mwaka huu asili ya kazi hiyo, ili tutakapokutana tena tuliamue jambo tunalolijua.

Swali la mzee si la kupuuzwa, kwa kuwa vikapu vilikuwamo kweli tangu mwanzo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari wengi wa Uingereza walirudi kwao wakiwa hai, lakini hawawezi hata kufunga kifungo cha shati. Mwaka wa 1916 daktari wa mifupa, Robert Jones, alianzisha karakana ndani ya hospitali ya jeshi ya Shepherd's Bush, London, na majeruhi wakatiwa katika useremala na kazi nyingine za mikono, kila mtu kwa kadiri ya kiungo chake kilichoumia. Mwezi wa Machi 1917 watu 6 walikutana katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, Marekani, wakaunda chama cha kwanza cha kazi hii. Mwenyeji wao, George Barton, alikuwa mchoraji wa majengo. Alikuwa ameugua kifua kikuu na kupooza upande wa kushoto, naye alijitibu kwa kulima bustani na kufanya useremala. Pamoja naye walikuwako daktari wa magonjwa ya akili, mwalimu wa kazi za mikono na wengineo, na mmoja katika wale 6 alikuwa Isabel Newton, karani wa Barton. Naomba niwiwe radhi kwa kulitaja hilo. Makarani hatuonekani mara nyingi katika historia.

Uingereza ilipata shule yake ya kwanza mwaka wa 1930, pale Daktari Elizabeth Casson alipofungua Dorset House katika mji wa Bristol. Mwaka wa 1952 vyama vya nchi mbalimbali viliungana kuwa shirikisho moja la dunia.

Hapa yafaa nitofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kumfanyisha mgonjwa kazi ni jambo la zamani sana. Nyumba za wagonjwa wa akili zilizojengwa wakati wa ukoloni mara nyingi zilikuwa na mashamba, na wagonjwa ndio waliolima. Hospitali yetu ya Mathari, iliyofunguliwa mwaka wa 1910 kama nyumba ya wenye wazimu ya Nairobi na kupewa jina la Mathari mwaka wa 1924, ilizaliwa katika nyakati hizo. Lakini mtu akipewa jembe kwa sababu shamba lahitaji kulimwa, hiyo si tiba. Hiyo ni kazi ya shamba. Tiba huanza pale mtu anapouliza: mgonjwa huyu ameshindwa na nini, na ni kazi gani itakayomrudishia uwezo huo, kiasi gani leo na kiasi gani wiki ijayo? Kikapu kile kile chaweza kuwa mchezo, chaweza kuwa biashara, na chaweza kuwa dawa.

Sisi wa Thika hatupaswi kuwa wageni wa habari hizi. Ni hapa mjini kwetu ambapo Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya vipofu mwaka wa 1946, shule ya kwanza ya namna hiyo katika Kenya. Mwaka wa 1962 Jeshi hilo hilo lilifungua Joytown kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Wazee wanaukumbuka ugonjwa wa polio. Chanjo ya Salk ilitangazwa Marekani mwaka wa 1955, lakini ilichukua miaka mingi kabla chanjo haijawafikia watoto wa vijijini, na katika miaka ya kwanza ya Joytown watoto wa polio walikuwa wengi. Mtoto aliyeletwa akitambaa alihitaji daktari na fundi wa vyuma vya miguu. Tena alihitaji mtu wa tatu: wa kumfundisha kuvaa nguo, kula, kwenda msalani na kushika kalamu kwa mkono aliobaki nao.

Mtu huyo wa tatu mara nyingi hakuwa na jina. Shangazi yangu mzaa baba alifanya kazi ya uyaya miaka mingi katika nyumba moja ya watoto walemavu, ambayo sitaitaja. Nilipokuwa mdogo alinionyesha jinsi alivyokuwa akizungushia kitambaa na kamba ya mpira kwenye mpini wa kijiko, ukawa mnene, mtoto asiyeweza kukunja vidole akaweza kujilisha. Alijua ni mtoto gani apewe kijiko kizito ili mkono usitetemeke, na ni yupi alishwe kwanza mate yasije yakamkaba. Hakuna aliyemfundisha darasani. Alipostaafu, barua aliyopewa ilimwita mfanyakazi wa usafi. Aliiweka chini ya godoro na hakuionyesha mtu mpaka alipokuwa mgonjwa.

Serikali ya Kenya huru ililiangalia jambo hili mapema. Mwaka wa 1964 kamati iliyoongozwa na Bwana Paul Ngei ilichunguza matunzo ya wenye ulemavu, na mwaka wa 1968 ukatolewa Waraka wa Serikali Nambari 5 uliofuatia kazi yake. Katika mwaka huo huo wa 1968 mafunzo ya tiba ya kazi yalianza Nairobi, katika chuo cha utabibu ambacho leo twakijua kwa jina la KMTC. Tangu hapo Mkenya aliweza kuisomea kazi hii katika nchi yake.

Sasa wanafunzi hao husoma nini? Hili ndilo mzee alilotaka kujua, ingawa aliuliza kwa mzaha. Diploma huchukua miaka 3. Mwanafunzi husoma kwanza jinsi mwili ulivyoundwa: mifupa, misuli na mishipa ya fahamu, hata aweze kusema ni mshipa upi uliokatwa akiona tu jinsi kidole gumba kilivyolala. Husoma ukuaji wa mtoto, magonjwa ya akili, kiharusi na majeraha ya moto. Hujifunza kutengeneza magango ya kuushikilia mkono usije ukakunjamana. Na baada ya hayo yote hupelekwa wodini, miezi kwa miezi, akisimamiwa.

Lakini somo lililo moyo wa kazi yote ni lile la kuichambua kazi. Nitatoa mfano wa kwetu. Sisi tuliolelewa kando ya mashamba ya kahawa ya Ruiru twadhani kuchuma kahawa ni jambo moja. Mwanafunzi wa tiba ya kazi hufundishwa kuona mambo mengi: bega liinuke, mkono wa kushoto uvute tawi na kulizuia, kifundo kigeuke, kidole gumba kikutane na cha shahada kwa nguvu ya kung'oa bila kuponda, jicho litenge tunda jekundu na la kijani, miguu isimame imara kwenye mteremko, na akili ikumbuke debe limefika wapi. Mama aliyepigwa na kiharusi amepoteza baadhi ya hayo, si yote. Kazi ya mtabibu ni kujua ni yapi. Kisha ataanza naye mezani, wakisukuma kitambaa kwa mikono miwili. Halafu atampa magunzi ayashike na kuyaachilia, na kuachilia huwa kugumu kuliko kushika. Halafu kuchagua maharagwe. Na mwisho ataleta tawi lenyewe. Akiruka hatua, mgonjwa hukata tamaa. Akikawia kwenye hatua, mgonjwa huchoka na mchezo usio na maana. Mama zetu waliosuka viondo huku wakitembea na mzigo mgongoni wangeielewa elimu hii upesi kuliko sisi wanaume.

Kuhusu wasaidizi, Marekani ina habari ya kufaa. Baada ya Vita ya Pili wagonjwa walikuwa wengi na wataalamu wachache, na katika hospitali za akili wahudumu wa wodi walikuwa wakiifanya kazi hiyo bila cheti, kama shangazi yangu. Mwaka wa 1958 chama cha wataalamu wa kule kilikubali mpango wa kuwafundisha na kuwatambua wasaidizi, kwanza wa hospitali za akili, na mwaka wa 1960 wa hospitali nyingine pia. Siku hizi msaidizi wa kule husoma kwa muda wa miaka 2 hivi, tena hukaa si chini ya wiki 16 akifanya kazi chini ya macho ya wenye ujuzi, kisha hufanya mtihani wa taifa. Mpango wa tiba hauuweki peke yake; huuweka mtaalamu, naye msaidizi huutekeleza na kutoa habari ya maendeleo. Wazazi wenye watoto Marekani wajue kwamba hiki ni cheo chenye shule na sheria zake, wala si utumishi wa kufagia wodi. Kwetu, Bunge lilipitisha mwaka wa 2014 sheria ya mafunzo, uandikishaji na leseni za watabibu wa kazi, na asiyeandikishwa haruhusiwi kujiita kwa jina hilo.

Wengine wamesema kwamba polio imekwisha, kwa hiyo kazi hii nayo imekwisha. Waende wakasimame kando ya barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa mwaka wa 2012, jioni moja tu, waangalie bodaboda. Tena wahesabu katika kikundi chao wenyewe ni wangapi wamepigwa na kiharusi. Katika daftari langu la misaada mna majina ya wanachama tuliowalipia gharama za hospitali mpaka wakapona, kisha wakakaa nyumbani wakilishwa na wake zao, kwa kuwa hatukujua kwamba baada ya daktari yuko mtu mwingine wa kuendewa. Mimi mwenyewe niliandika hundi hizo, wala sikuuliza.

Ombi la binti huyu lingali katika faili. Limewekwa la 7 katika ajenda ya mkutano ujao, baada ya taarifa ya mweka hazina. Mama yake amekwisha kulipa sehemu ya ada ya muhula wa kwanza kwa kuuza ndama, na barua ya chuo, ambayo nimeiambatanisha kwenye nakala ya mwenyekiti, yaonyesha kiasi kilichobaki na siku ya mwisho ya kukilipa.