Ketamini na utulizaji wa maumivu katika upasuaji

Ketamini ni dawa ya usingizi wa upasuaji ambayo, tofauti na nyingi za aina yake, hutuliza pia maumivu. Hudungwa kwenye mshipa wa damu au kwenye msuli. Imeenea sana katika hospitali za wilaya na za misheni Afrika Mashariki.

Usingizi na maumivu

Kumlaza mgonjwa si kumwondolea maumivu. Thiopentoni na propofoli hulaza haraka lakini hazitulizi. Mwili wa aliyelala huendelea kuitikia kisu, mapigo ya moyo yakaenda mbio na shinikizo la damu likapanda. Halothani, inayovutwa kwa pumzi, ni dhaifu upande huo. Diazepamu na midazolamu huondoa hofu na kufuta kumbukumbu, basi. Kwa sababu hiyo nusukaputi huambatana na mofini, pethidini au fentanili, au na ganzi. Dawa za kulaza zinazotuliza kweli ni chache: etha ya zamani, gesi ya kuchekesha, deksmedetomidini kwa kiasi, na ketamini.

Historia

Mkemia Calvin Stevens aliiunda mwaka 1962 kwa ajili ya kampuni ya Parke-Davis ya Marekani, iliyokuwa ikitafuta mbadala wa fensiklidini, dawa iliyowaacha wagonjwa wakiweweseka kwa saa nyingi. Mwaka 1964 Edward Domino na Guenter Corssen waliijaribu kwa wafungwa waliojitolea huko Michigan. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1970 na kutumika kwa majeruhi wa vita vya Vietnam. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 1985.

Utendaji

Ketamini huziba vipokezi vya NMDA katika ubongo na uti wa mgongo, hivyo ishara za maumivu hazikuzwi wala hazifiki kwenye fahamu. Mgonjwa huweza kukodoa macho, mboni zikichezacheza, naye hana habari na kisu.

Miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, zikipitia mshipani, hulaza ndani ya dakika moja na kutosha kwa upasuaji wa dakika 10 hadi 20. Kwa msuli huhitajika miligramu 5 hadi 10. Kiasi kidogo, miligramu 0.1 hadi 0.3 kwa kilo, hutuliza bila kulaza. Ketamini hufaa kwa kusafisha majeraha ya moto na kunyoosha mifupa iliyovunjika.

Sifa yake kubwa ni kwamba kwa kawaida mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe, na shinikizo la damu halishuki, jambo lenye thamani kwa aliyepoteza damu nyingi. Hata hivyo, ikidungwa haraka mno pumzi yaweza kukatika. Huongeza mate, hivyo atropini hutangulizwa, na mgonjwa huweza kuamka na ndoto za kutisha, ambazo diazepamu hupunguza. Haifai kwa mwenye shinikizo kubwa la damu au kifafa cha mimba. Hailegezi misuli, na maumivu ya viungo vya ndani ya tumbo haiyatulizi vizuri kama ya ngozi na mifupa.

Mbinga na mwambao wa Nyasa

Wilaya ya Mbinga, nchini Tanzania, iko katika milima ya Umatengo. Upande wa Ziwa Nyasa ulitengwa mwaka 2012 kuwa Wilaya ya Nyasa. Hospitali kongwe za eneo hili na jirani zake ni za misheni: Litembo ya Jimbo Katoliki la Mbinga, Mtakatifu Anna ya Waanglikana huko Liuli, na Peramiho ya Wabenediktini. Katika hospitali kama hizi, kama kwingine Tanzania, usingizi hutolewa zaidi na wauguzi na maafisa tabibu waliosomea kazi hiyo kuliko na madaktari bingwa. Kwa upasuaji wa uzazi ganzi ya mgongo hupendelewa, lakini ketamini hubaki kuwa akiba ya kutegemewa, kwa kuwa haidai mashine ya gesi wala umeme.

Kenya

Tangu 2013, kuanzia Hospitali ya Jamii ya Sagam magharibi mwa nchi, wahudumu wasio wataalamu wa usingizi wamefunzwa kutumia ketamini kwa upasuaji wa dharura mtaalamu anapokosekana.

Udhibiti

Ketamini hutumiwa pia kama dawa ya kulevya. Mwaka 2015 China ilipendekeza iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa. WHO ilishauri isiwekwe, ikihofia kuwa nchi maskini zingeikosa.