Tisa Katika Ukumbi Mtupu: Historia ya Love Live! na Mashabiki Wake

Love Live! School Idol Project ilianza mwaka 2010 nchini Japani, kwa ushirikiano wa jarida la Dengeki G's Magazine, lebo ya muziki ya Lantis na studio ya anime ya Sunrise. Hapakuwa na filamu wala mfululizo wa televisheni. Palikuwa na picha za wasichana tisa wa sekondari, kisa kifupi cha shule inayokaribia kufungwa, na ahadi kwa wasomaji kwamba mengi ya yatakayofuata yataamuliwa nao. Ahadi hiyo ilitimizwa. Wasomaji walipiga kura kuchagua nani asimame katikati kwenye wimbo unaofuata, na jina la kundi likatoka kwao pia: μ's, linalotamkwa karibu na "myuzu", kwa kumbukumbu ya miungu wa kike tisa wa sanaa wa Ugiriki ya kale. Santuri ya kwanza, iliyotoka Agosti 2010, ilinunuliwa na watu wachache mno. Hao wachache ndio walioubeba mradi kwa zaidi ya miaka miwili kabla televisheni haijaufikisha kwa umma.

Shule na waimbaji vijana waitwao aidoli vilikuwa vimeshikana Japani tangu zamani. Katika miaka ya 1970 kipindi cha televisheni cha Star Tanjo! kilitafuta vipaji vya vijana mbele ya kamera. Mwaka 1985 lilitokea kundi la Onyanko Club, lenye wanafunzi wengi wa sekondari, likionekana kwenye televisheni jioni za siku za kazi wanafunzi wakiwa wamesharudi nyumbani. Desemba 2005 kundi la AKB48 lilifungua jukwaa lake katika mtaa wa Akihabara, Tokyo, na kuanzia 2009 mashabiki wake walikuwa wakipanga safu ya waimbaji kwa kura. Katika makundi hayo mwimbaji anayeondoka husemwa amehitimu, hata kama masomo alishayamaliza siku nyingi. Kilichokuwa kipya katika Love Live! ni kumrudisha aidoli shuleni kwelikweli. Waimbaji wake ni wanafunzi wasio na kampuni wala malipo. Wana chumba cha klabu na paa la shule la kufanyia mazoezi. Sonoda Umi anaandika mashairi, Nishikino Maki anatunga muziki kwenye piano, Minami Kotori anashona mavazi.

Tishio linaloendesha hadithi nalo lilikuwa la kweli. Shule ya wasichana ya Otonokizaka, ambayo watunzi waliiweka kati ya Akihabara, Kanda na Jimbocho, ina mikondo mitatu mwaka wa tatu, miwili mwaka wa pili, na mmoja tu mwaka wa kwanza. Mtazamaji wa Kijapani hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwa sababu ya kupungua kwa watoto wanaozaliwa, zaidi ya shule za umma 8,000 zilifungwa nchini humo kati ya 2002 na 2020. Kosaka Honoka, binti wa duka la vitamu vya Kijapani, anaona wasichana wa kundi la aidoli la A-RISE wakiimba kwenye skrini kubwa ya shule jirani ya UTX, na anaamua kwamba shule yake nayo itaokolewa kwa nyimbo.

Mfululizo wa televisheni ulianza Januari 2013, ukiongozwa na Kyogoku Takahiko na kuandikwa na Hanada Jukki. Mashabiki wakitafuta mahali hadithi ilipowakamata, wengi hutaja sehemu ya tatu. Honoka, Umi na Kotori, walio watatu tu wakati huo, wamebandika matangazo, wamegawa vikaratasi, wamevaa mavazi mapya. Pazia linapanda. Viti vyote ni vitupu. Honoka anajikaza kutabasamu na machozi yanamlengalenga. Ndipo Koizumi Hanayo anaingia akihema, amechelewa, akishangaa kuona hakuna mtu, na watatu hao wanaamua kuimba kwa ajili yake. Mara ya kwanza mtazamaji huona aibu ya wasichana watatu na ujasiri wao. Anayeirudia baada ya kuujua mfululizo huona jambo jingine: wote tisa wapo. Hoshizora Rin amemfuata rafiki yake Hanayo, Maki amesimama nyuma, Yazawa Nico amejificha kati ya viti, Tojo Nozomi yuko nje ya mlango, na Ayase Eli, mwenyekiti wa baraza la wanafunzi anayeipinga shughuli nzima, anatazama kutoka chumba cha mitambo. Eli anapouliza wataendelea kwa sababu gani, Honoka anajibu kwamba anataka kuimba, na kwamba siku moja ataujaza ukumbi huo. Katika sehemu ya 13 wanaimba wimbo uleule, humo humo, na viti vimejaa. Mpangilio huo ni kazi ya mwandishi aliyejua mwisho wake tangu mwanzo, na ni sababu kubwa ya hadithi kuvumilia kurudiwa.

Wahusika nao hukumbukwa kwa mambo madogo kuliko ushindi. Nico mwanzoni alichukuliwa kuwa kichekesho cha kundi, hadi ilipofahamika kwamba alianzisha klabu ya aidoli akiwa mwaka wa kwanza, wenzake wakamwacha mmoja mmoja, naye akabaki peke yake katika chumba kilichojaa santuri. Msimu wa pili, wa Aprili hadi Juni 2014, ulionyesha nyumba yake: wadogo zake wameaminishwa kwamba dada yao ndiye nyota na wale wanane ni wachezaji wake wa nyuma. Wenzake hawamuumbui. Wanamjengea jukwaa juu ya paa la shule ili wadogo zake wamwone akiimba peke yake. Rin, mchangamfu kuliko wote, anaogopa kuvaa sketi kwa sababu alitaniwa utotoni, na anaongoza onyesho akiwa amevaa gauni linalofanana na la bibi harusi. Nozomi, aliyehamahama shule tangu utotoni kwa ajili ya kazi za wazazi, ndiye aliyewakusanya wote tisa bila kujitangaza, na ombi lake pekee ni kwamba watunge wimbo mmoja kwa pamoja.

Wimbo huo, Snow halation, ulikuwa umetolewa tangu Desemba 2010, lakini msimu wa pili uliupa historia ndani ya hadithi. Ulizaa pia desturi inayojulikana kuliko zote miongoni mwa mashabiki. Katika matamasha ya waigizaji wa sauti, wanaoimba jukwaani kama wahusika wao, ukumbi mzima huinua vijiti vya taa nyeupe. Karibu na mwisho mwigizaji wa Honoka anaimba mstari peke yake, na papo hapo weupe wote hugeuka rangi ya chungwa, rangi yake Honoka, kama taa zilivyobadilika kwenye video ya wimbo. Wengi huweka akiba kwa dakika hiyo kijiti cha kemikali, ambacho huvunjwa kikawaka kwa nguvu kwa muda mfupi kisha kufifia. Waimbaji waliigiza picha za katuni, na watazamaji nao wakaiga taa za katuni hiyohiyo, hivyo kila aliyekuwa ukumbini alikuwa na sehemu yake ya kucheza.

Uamuzi uliotenganisha hadithi hii na nyingi za aina yake ulikuja mwishoni mwa msimu wa pili. Eli, Nozomi na Nico wako mwaka wa tatu na watahitimu. Sita wanaobaki wangeweza kuzijaza nafasi hizo kwa wengine, kama makundi halisi yanavyofanya. Wanakubaliana kwamba μ's ni watu hawa tisa tu, na wanawaambia wakubwa wao ufukweni, mbele ya bahari. Wakirudi wanajibana kwenye kibanda cha picha karibu na stesheni, wanazicheka nyuso zao kwenye picha, na kicheko kinageuka kilio. Filamu ya Juni 2015, iliyoingiza zaidi ya yen bilioni 2, iliuliza swali hilo upya: sasa kundi ni maarufu na kila mtu analitaka liendelee. Jibu lilibaki lilelile.

Waandaaji wangeweza kuuacha mwisho huo ndani ya katuni. Waliutimiza. Waigizaji tisa waliimba katika tamasha la mwaka mpya la NHK, Kohaku, Desemba 31, 2015, kisha wakafanya matamasha ya mwisho Tokyo Dome Machi 31 na Aprili 1, 2016. Mwaka wa shule wa Japani huisha Machi 31 na mpya huanza Aprili 1. Mashabiki waliojaa uwanjani, pamoja na wale waliofuatilia kwenye majumba ya sinema, waliaga kundi katika siku ambazo wahusika nao wangekuwa wameacha sare. Kwa wengi waliokuwa wanafunzi mwaka 2013, ujana wao wenyewe umehesabiwa kwa kalenda hiyo, na ndiyo maana kumbukumbu zao za μ's huchanganyika na kumbukumbu za mahafali yao. Kundi lilirudi jukwaani Januari 2020, katika tamasha la pamoja huko Saitama.

Warithi wao, Aqours, walizaliwa 2015 na kuingia kwenye televisheni Julai 2016 katika Love Live! Sunshine!!. Makazi yao ni Uchiura, kijiji cha wavuvi na mashamba ya machenza kilichomo katika mji wa Numazu, mkoa wa Shizuoka. Wapo waliolalamika mwanzoni kwamba hadithi ilikuwa ikifuata nyayo za zamani. Lakini kufuata nyayo ndilo tatizo lenyewe la Takami Chika, kiongozi wa Aqours. Anasafiri hadi Otonokizaka kutafuta siri ya μ's na kuambiwa kwamba hawakuacha kitu chochote pale. Msimu wa pili, wa 2017, ulikwenda mbali zaidi. Shule yao ilihitaji waombaji 100 ili ibaki. Wasichana wanakesha wakitazama namba kwenye kompyuta, na muda unakwisha ikiwa 98. Shule inafungwa. Wanafunzi wenzao wanawaomba washinde mashindano ya aidoli wa shule ili walau jina la shule libaki limeandikwa mahali. Hapa Sunshine!! ilisema ukweli ambao hadithi ya kwanza iliukwepa, na heshima yake imepanda kadiri miaka inavyopita.

Kuzuru mahali halisi kumekuwa sehemu ya desturi hii. Huko Tokyo mashabiki hupanda ngazi za hekalu la Kanda Myojin, ambako μ's walikimbia mazoezi na Nozomi alifanya kazi, na kuacha vibao vya maombi vyenye picha za wahusika walizochora wenyewe. Hekalu hilo, ambalo kwa mapokeo lilianzishwa mwaka 730, liliwakaribisha, na sikukuu yake kubwa ya 2015 ilitangazwa pamoja na picha za μ's. Si mbali na hapo lipo Takemura, duka la vitamu la mwaka 1930 ambalo ndilo kielelezo cha nyumbani kwa Honoka. Huko Uchiura, nyumba ya wageni ya Yasudaya, kielelezo cha nyumbani kwa Chika, ilikuwa na historia kabla ya hapo: mwandishi Dazai Osamu alikaa humo mwaka 1947 akiandika sehemu ya riwaya yake Shayo. Maduka ya Numazu yaliweka mihuri ya kukusanywa na wageni, na mwaka 2018 vifuniko vya chemba vyenye picha za Aqours viliwekwa barabarani kwa michango ya mashabiki.

Baadaye mradi uliongeza makundi mengine: Nijigasaki ya Odaiba, Liella! iliyoonyeshwa na NHK kuanzia 2021, na Hasunosora ya Kanazawa, iliyoanza 2023 na kufuata kalenda ya shule mwezi kwa mwezi, hata wahusika watatu wakahitimu Machi 2025. Aqours walifanya matamasha yao ya kufunga huko Saitama Juni 2025, miaka kumi tangu kuzaliwa kwa kundi.