Karema: Ngome ya Mfalme Iliyogeuka Nyumba ya Mapadri

Anayetibiwa katika Hospitali ya Dkt. Atiman mjini Sumbawanga yuko chini ya jina lililopanda nyanda za juu za Ufipa kutoka Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Huko, kisa cha jina hilo kinaanzia kwenye kuta za ngome.

Karema leo iko Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Kapteni Ernest Cambier, askari wa Ubelgiji, alifika hapo Agosti 1879 akajenga ngome. Alitumwa na chama cha kimataifa kilichoundwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mwaka 1876, kwa madai ya kufanya utafiti na kupiga vita utumwa. Lakini mfalme alikuwa akiwinda ardhi. Mwaka 1879 pia, tembo wanne kutoka India walishushwa pwani ili wajaribiwe kubeba mizigo hadi ziwani. Jaribio likashindwa, na kiongozi wake, Frederick Carter, akauawa mwaka 1880 akiwa safarini kurudi pwani.

Ziwa nalo halikuingoja ngome. Maji yalikuwa yamepata njia ya kutokea kupitia Mto Lukuga, upande wa Kongo, yakaanza kupungua. Mwambao ukasogea, na ngome iliyojengwa kulinda bandari ikabaki mbali na maji.

Baada ya mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, Leopold alipata Kongo, na upande wa mashariki wa ziwa ukaangukia mikononi mwa Wajerumani. Karema haikumfaa tena. Mwaka 1885 ikakabidhiwa Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers mwaka 1868. Mapadri wakahamia ndani ya kuta zilezile za kijeshi, na watu waliokombolewa utumwani wakapata makazi kituoni hapo.

Adrian Atiman alikuwa mmoja wa waliokombolewa, ila yeye alitoka mbali zaidi. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa na kuuzwa akiwa mtoto. Mapadri walimkomboa huko Algeria, kisha wakampeleka Malta kusomea udaktari. Alifika Karema mwaka 1889, akaoa binti wa mtemi wa Wabende, na hakuhama tena. Alitibu watu wa ziwani hadi alipofariki mwaka 1956: miaka 67 ya kazi mahali pamoja. Mwanawe, Joseph, akawa padri.

Jimbo Katoliki la Karema, lililoundwa mwaka 1953, lilibadilishwa jina mwaka 1969 likawa Jimbo la Sumbawanga. Kwa hiyo kanisa la Ufipa lina mizizi yake kwenye ngome hii.

Sasa serikali imejenga bandari mpya Karema, na wageni watapita. Viongozi wa Katavi na Rukwa, pamoja na kanisa, wahakikishe mabaki ya ngome yanatunzwa, na vijana wa Sumbawanga wafundishwe Atiman alikuwa nani.