Posho ya Siku za Kungoja

Tarehe 14 Machi 1872, Henry Morton Stanley aliagana na David Livingstone karibu na Tabora, akashika njia ya kurudi pwani. Livingstone alibaki Kwihara, si mbali na Itetemia nilikokulia, akiwangoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia. Aliondoka tarehe 25 Agosti. Wanafunzi wangu huweza kunieleza jinsi wawili hao walivyokutana Ujiji mwaka 1871, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza juu ya miezi mitano ya kungoja.

Mwaka huu nimeifikiria sana miezi hiyo nikiwa nimeketi kwenye benchi la hospitali ya rufaa, mbali na Tabora. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana umri wa miaka tisa na amezaliwa na ugonjwa wa selimundu. Anangoja kupandikizwa uloto, ile nyama laini ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Mchangiaji ni dada yake wa miaka kumi na miwili. Kwa ndugu wa baba na mama mmoja, uwezekano wa kulingana kikamilifu ni mmoja kati ya minne. Familia nyingi hupima watoto wote wasimpate hata mmoja.

Ndugu msomaji, ugonjwa huu nao ni sehemu ya historia yetu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu kinasaba hicho kimedumu katika nchi zenye mbu. Homa ileile iliyomlaza Stanley Kwihara ndiyo iliyotuachia urithi huu, na aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayelipa gharama ya kinga ya wengine. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka.

Siku ya wodini huanza mapema. Saa kumi na mbili asubuhi muuguzi hupima joto la mwili, kisha uzito, kisha huchukua damu. Majibu ya damu ndiyo yanayoamua siku itakavyokwenda. Daktari wa meno amekwisha kumkagua mtoto, kwa kuwa jino bovu dogo laweza kuwa mlango wa maambukizi pale kinga ya mwili itakaposhushwa kwa dawa ili uloto mgeni upokelewe. Homa ya usiku mmoja ilitosha kusogeza tarehe mbele. Mchana mpwa wangu hufanya hesabu katika daftari alilotoka nalo shuleni. Jioni hupiga simu nyumbani, akauliza kama maembe yameiva. Dada yangu hamwambii kwamba baada ya upandikizaji atakaa muda mrefu bila kuruhusiwa tunda bichi.

Binti ndiye aliyenishangaza. Siku moja tukiwa ukumbini aliniuliza, "Mjomba, nikikataa, mtanichukia?" Nilimjibu kwamba hakuna atakayemchukia. Akanyamaza, kisha akasema, "Sikatai. Nilitaka tu mtu aniulize." Sote tulikuwa tumehesabu vipimo vyake, wala hapana aliyekuwa ameketi naye kumsikiliza. Siku iliyofuata nilimwomba daktari amweleze upya, polepole, mbele ya mama yake, sindano itaingia wapi, atalala usingizi kwa muda gani, na maumivu ya nyonga yatadumu siku ngapi. Aliuliza maswali saba.

Turudi Unyanyembe. Misafara ilingoja Tabora kwa sababu nyingi: mvua zipite, wapagazi wapatikane, njia ifunguke. Mwaka 1871 vita vya Mirambo na Waarabu viliifunga njia ya Ujiji, na Stanley mwenyewe akakwama Kwihara tangu Juni hadi Septemba. Lakini mwenye msafara alijua jambo moja: siku ya kungoja nayo ina posho yake. Mpagazi hula hata mzigo ukiwa chini. Msafara uliosahau hesabu hiyo ulivunjika kabla ya safari kuanza.

Sisi tumeisahau. Ni jambo la fahari kwamba upandikizaji huu sasa unafanyika nchini. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekwisha kuwatibu watoto wenye selimundu kwa njia hii. Tunayo pia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Mijadala yetu, hata hivyo, huhesabu dawa, vitanda na mashine. Dada yangu alikuwa akiuza asali sokoni. Meza yake sasa ina mtu mwingine. Chumba alichopanga jirani na hospitali, nauli ya binti, masomo anayoyakosa, shamba lililobaki bila mpaliliaji: hayo hayamo katika ankara yoyote, nayo ndiyo yanayoamua kama mama atabaki au atarudi nyumbani na mtoto wake.

Miezi ya Livingstone tunaijua kwa sababu aliandika shajara. Wanawake wa Unyanyembe waliotwanga nafaka iliyolisha misafara ile hawakuachiwa ukurasa. Ninawasihi watumishi wa umma wanaosoma hapa: mnapopanga bajeti ya tiba, wekeni fungu la kungoja. Nanyi wanafunzi, nendeni wodini na daftari, mkaandike mama anakula nini na analala wapi.

Jana tumepewa tarehe mpya. Binti ameiandika kwenye jalada la daftari la mdogo wake, kwa penseli, ili iweze kufutika.