Mafuta Mingi na Panda Gari: Mabishano ya Jiji la Kampala katika Maneno ya Kiswahili

Utangulizi

Muhula uliopita mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza aliandika katika insha kwamba babu yake mdogo aliwahi kuwa "mafuta mingi". Nilichukua kalamu nyekundu nikasahihisha: mafuta mengi. Baada ya kipindi akanifuata akasema, "Mwalimu, samahani, lakini jjajja wangu hasemi hivyo. Anasema mafuta mingi. Kiswahili anachokijua ni hicho na panda gari tu."

Nilikaa na maneno hayo siku kadhaa. Tunazoea kusema kwamba Kampala haina Kiswahili, kwamba ni jiji la Kiganda na Kiingereza. Hata hivyo, tukichunguza mabishano makubwa ya jiji hili tangu enzi za Kabaka hadi leo, yaani nani afanye biashara, wapi, na nani apite barabarani, tunakuta kwamba kila kipindi kimeacha neno la Kiswahili. Makala haya yanafuata maneno machache ya aina hiyo na kuonyesha yanamdai nini mwalimu wa lugha.

Duka na bei

Wafanyabiashara kutoka pwani walifika Buganda katika karne ya 19. Ahmed bin Ibrahim anatajwa kuwa alifika katika ikulu ya Kabaka Suna mwaka 1844. Misafara hiyo ilileta vitambaa na bunduki, ikaondoka na pembe za ndovu na watumwa. Ilileta pia maneno. Kiganda kikachukua bei kikaifanya bbeeyi, mizani ikawa minzaani, sufuria ikawa sseffuliya, rupia ikawa lupiya. Mganda anayeuliza bei sokoni leo anatumia neno lililopanda kutoka pwani.

Neno duka nalo likawa edduuka. Mwanzoni mwa karne ya 20 maduka ya Alidina Visram, mfanyabiashara wa Kihindi aliyeanzia shughuli zake Bagamoyo, yalikuwa yameenea hadi Kampala. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, biashara ya rejareja na ya jumla ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Waasia. Mwafrika alilima pamba na kahawa, akaleta mazao mjini, kisha akanunua chumvi na kitambaa kwa bei asiyoipanga yeye.

Hapo ndipo duka lilipogeuka kuwa jambo la siasa. Mwaka 1959 vuguvugu la Uganda National Movement, likiongozwa na Augustine Kamya, liliwataka watu wasusie maduka yasiyomilikiwa na Waafrika. Serikali ya kikoloni ililipiga marufuku mwaka huohuo, lakini hoja yenyewe haikufa: je, mji ni wa nani ikiwa milango yake ya biashara inafunguliwa na watu wengine?

Mafuta mingi

Jibu la Idi Amin lilikuja tarehe 4 Agosti 1972. Alitangaza kwamba Waasia waondoke katika muda wa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka, wengi wao wakiwa na mizigo michache tu. Maduka, nyumba na viwanda vyao viligawiwa, na wengi waliopewa walikuwa wanajeshi, watumishi wa serikali na watu wenye jamaa serikalini. Zoezi hilo liliitwa Vita vya Uchumi.

Wale waliotajirika kwa mgao huo ndio wananchi waliowaita mafuta mingi. Neno lina kejeli ndani yake: mtu amenona ghafla, na unono wake haukutokana na jasho. Hadithi inayosimuliwa sana ni ya mwenye duka mpya aliyeulizwa bei ya shati, akatazama namba ya ukosi akaitaja hiyo kuwa ndiyo bei. Shehena ilipokwisha, wengi hawakujua pa kuagizia nyingine. Rafu zikabaki tupu.

Kisarufi, mwanafunzi wangu alikosea. Mafuta ni nomino ya ngeli ya YA-YA, hivyo ni mafuta mengi. Lakini Kiswahili cha kambini na cha barabarani nchini Uganda hakikujali upatanisho huo. "Mingi" ilitumika kwa kila kitu. Basi kosa hilo ni ushahidi. Linatuambia kwamba neno halikutoka darasani, wala redioni kwa wasomaji wa habari waliofunzwa. Lilitoka midomoni mwa watu waliokuwa wakipanga foleni ya sukari.

Magendo na panda gari

Maduka yalipokauka, biashara ilihamia gizani. Neno likawa magendo. Katika Kiswahili sanifu magendo ni biashara ya siri inayokwepa forodha. Uganda ililipanua neno hilo likabeba uchumi mzima: kahawa iliyovushwa kwa mashua usiku kuelekea Kenya, sabuni iliyouzwa chini ya meza, sukari aliyopata mtu kwa kujuana. Mwaka 1975 serikali iliunda mahakama maalumu ya makosa ya kiuchumi, na adhabu zake zilifika hadi kifo. Magendo hayakuisha, kwa sababu mshahara haukutosha na duka halali halikuwa na kitu.

Amin alikuwa ameifanya lugha yetu kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kwa mkazi wa Kampala, lakini, lugha hiyo ilisikika zaidi kwenye kizuizi cha barabarani. Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoingia Kampala Aprili 1979, watu waliwashangilia wakombozi, nao pia walisema Kiswahili. Kisha ikaja miaka ya 1980, ambapo wanajeshi wa serikali ya Obote walizingira mitaa na masoko, wakawakusanya watu kuwasaka waliodhaniwa kuwa waasi. Operesheni hizo zilijulikana kwa amri yake: panda gari.

Tuitazame amri hiyo kama walimu. Umati huambiwa "pandeni". Askari alisema "panda", kana kwamba mbele yake hakuna watu, kuna mzigo. Hakukuwa na "tafadhali" wala "ndugu". Wapo waliopanda lori wasirudi nyumbani. Barabara, stendi na soko, mahali pa watu wote, vilitolewa mikononi mwa watu kwa maneno mawili ya Kiswahili. Jjajja anayekumbuka maneno hayo ana sababu ya kusitasita mjukuu wake anapomwambia kwamba anasomea lugha hiyo chuoni.

Kibanda na bodaboda

Haingekuwa haki kuishia hapo. Neno kibanda nalo lilikuwa na kazi yake. Fedha za kigeni zilipokuwa adimu benki, zilibadilishwa kwa watu binafsi, na bei yao ikaitwa bei ya kibanda. Mwaka 1990 serikali iliruhusu maduka halali ya kubadilisha fedha, na kilichokuwa kibanda kikapata leseni na kibao mlangoni. Baadaye vibanda vikawa pia kumbi ndogo za kuonyeshea video mitaani.

Bodaboda ilikwenda njia nyingine. Huko Busia, waendesha baiskeli walivusha abiria na mizigo kati ya kituo cha mpaka cha Uganda na cha Kenya, wakiita "boda, boda!" kutokana na neno la Kiingereza la mpaka. Baiskeli ikawa pikipiki, Busia ikawa Kampala, kisha Nairobi na Dar es Salaam. Leo bodaboda ni neno la Kiswahili kamili. Safari hii bara ndilo lililoipa pwani neno.

Na mabishano hayajaisha. Serikali ilipotangaza mwaka 2020 mpango wa kuzuia bodaboda katikati ya jiji, na mamlaka ya jiji ilipowaondoa wachuuzi kandokando ya barabara Januari 2022, hoja zilikuwa zilezile kwa sura mpya. Mwenye duka anasema analipa pango na leseni, na mchuuzi anamzibia mlango. Mchuuzi anasema hana mtaji wa pango, na mteja hupita barabarani. Mpita njia anataka tu mahali pa kukanyaga. Wote watatu wana haki yao, na hakuna anayeweza kuupata mji peke yake.

Hitimisho

Mwaka 2005 Katiba yetu ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Maana yake ni kwamba watoto wengi watakileta Kiswahili nyumbani, kwa wazee wanaokumbuka lori. Tukiwafundisha ngeli na nyakati tu, tutawaacha bila jibu bibi zao watakapouliza, "Kwa nini lugha ya askari?"

Jibu limo katika maneno yaleyale. Kabla ya panda gari kulikuwa na bbeeyi na edduuka, na baada yake kuna bodaboda. Lugha hii ilikuwa ya soko kabla ya kuwa ya kambi, na sokoni haikutoka kamwe. Muhula huu nimewapa wanafunzi wangu kazi ya kwenda katika soko la Wandegeya, hatua chache kutoka lango la Makerere, wakusanye maneno ya biashara yenye asili ya Kiswahili na kumwuliza kila mzee alilisikia wapi kwa mara ya kwanza.

Kuhusu insha ile, sahihisho langu sikulifuta, maana mtihani utadai "mengi". Ila chini yake niliongeza: "Mwulize jjajja akueleze zaidi, kisha uandike."